Muulize Anko wa Maabara: Mkasi ulioko ndani ya seli za ubongo, tuuzime au tuuache?

Mwezi uliopita niligusia vimeng'enya vinavyoua seli, mistari kama minne tu, tena katikati ya habari nyingine kabisa, nikadhani imepita. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua nyingi mno na karibu zote zinahusu ubongo, mzee anayetetemeka, bibi anayesahau majina ya wajukuu, ndugu ambaye mikono inaisha nguvu. Nimechagua chache na nimezifupisha, msinilaumu. Na kama kawaida nakumbusha, mi sio daktari wa wodini, nimezeekea maabara, kwa hiyo mambo ya dozi muulizeni daktari wenu.

*Shikamoo anko. Baba yangu ana miaka 68, mwalimu mstaafu. Ilianza na pua, mama anaunguza samaki jikoni nyumba nzima inanuka na baba kakaa hapohapo sebuleni anasoma gazeti hasikii harufu yoyote, tukasema mafua. Baada ya miaka kama mitatu saini yake ikaanza kusinyaa, herufi ya kwanza kubwa za mwisho kama sisimizi, mpaka benki wakamrudishia fomu wakisema sio yeye. Sa hivi mkono wa kulia unatetemeka akiwa amekaa tu, daktari kasema ni Parkinson na kamwandikia levodopa. Mdogo wangu yuko chuo, anasema seli za ubongo wa baba zinauliwa na vimeng'enya vinaitwa kaspesi na viko ndani ya seli hizohizo. Sasa anko, kama adui anajulikana mpaka jina, kwa nini wasitengeneze dawa ya kumzima tukamaliza? — Msomaji, Moshi*

Marahaba mwanangu, na pole ya mzee. Hilo la pua ulivyolieleza ndo lenyewe, watu wengi wenye Parkinson hupoteza harufu miaka kadhaa kabla mkono haujatikisika, na familia nyingi hukumbuka baadae kabisa.

Mdogo wako kasema kweli ila kamaliza hadithi mapema. Hizo kaspesi ni protini ambazo kazi yake ni kukata protini nyingine. Chukulia protini ni mkufu wa shanga, kaspesi haikati ovyo, inatafuta shanga moja inaitwa aspateti na inakata pale baada yake, na jina lenyewe la kaspesi limetokana na hiyo tabia, walikubaliana 1996 maana kabla ya hapo kila maabara ilikuwa na jina lake na ilikuwa vurugu tupu. Na kila seli ya mwili wako, sio za baba tu, imezaliwa na huo mkasi ndani yake, ila umefungwa uzi haufunguki.

Nani anaukata uzi? Njia ziko zaidi ya moja lakini nikueleze ile inayohusu zaidi mambo ya mzee. Ndani ya seli kuna mitokondria, ndo jenereta zake, na ndani ya mitokondria kuna protini ndogo inaitwa saitokromu c ambayo siku zote inasaidia kutengeneza nishati, haina ubaya na mtu. Siku jenereta ikipata hitilafu kubwa ukuta wake unatoboka, saitokromu c inamwagika nje, na huko nje ikikutana na protini nyingine inaitwa Apaf-1 wanaungana saba saba wanatengeneza kitu kama gurudumu lenye spoku saba. Katikati ya gurudumu anakaa kaspesi ya 9, hapo anaamka. Kaspesi ya 9 anakata uzi wa kaspesi ya 3, na kaspesi ya 3 ndo fundi bomoabomoa mwenyewe, anakata mamia ya protini, anaachia kimeng'enya kingine kinachokatakata DNA, kazi imeisha.

Mi nimeiona kwa macho yangu kwenye hadubini, seli kwenye kisahani. Seli iliyokuwa imejinyoosha vizuri inajikunja kwanza, inakuwa ndogo, halafu ngozi yake inaanza kutoa mapovu pwu pwu pwu kama uji mzito ukikaribia kuiva, halafu inagawanyika vifurushi vifurushi na seli za jirani zinavimeza. Hakuna kinachomwagika. Ndo tofauti yake na seli iliyopigwa na jeraha, ile inavimba inapasuka inachafua jirani zote na mwili unawaka moto. Huku kufa kwa utaratibu walikupa jina 1972, apoptosisi, neno la Kigiriki la majani kupukutika mtini, na kwa kweli jina limekaa.

Sasa swali lako, kwa nini tusiuzime. Kwanza ujue walivyougundua. Kuna mnyoo wa udongoni, urefu milimita 1 na unapitisha mwanga kama kioo, Sydney Brenner ambaye ni mzaliwa wa Afrika Kusini ndo alianza kumtumia kwa utafiti. John Sulston akakaa kwenye hadubini akafuatilia seli zake moja moja tangu yai, kwa macho, mchoro kwa mkono, na ikaonekana mnyoo anatengeneza seli 1,090 na kati ya hizo 131 zinakufa, kila mnyoo, seli zilezile, saa ileile. Yani kifo chenyewe kimeandikwa kwenye ratiba! Robert Horvitz wa chuo cha MIT Marekani akapata jeni inayoendesha hicho kifo, inaitwa ced-3, na 1993 ikaonekana protini yake ni ndugu wa kimeng'enya ambacho binadamu tunacho. Wote watatu wakapewa Nobel mwaka 2002.

Mnyoo ukimtoa hiyo ced-3 zile seli 131 zinabaki hai na yeye anadunda tu. Ukadhani basi, na sisi tutoe. Mwaka 1996 wakatengeneza panya wasio na kaspesi ya 3. Ubongo ukajaa seli zilizotakiwa kuondoka, ukaumbika vibaya na hawakuishi wiki nyingi. Maana ubongo unapojengwa tumboni mwa mama unatengeneza seli za ziada, sehemu nyingine karibu nusu yake hupunguzwa, na wanaozipunguza ndo haohao. Hata vidole vyako vilikuwa vimeunganika kama mguu wa bata mpaka seli za katikati zikafa. Na kwa mtu mzima seli ikikataa kufa pale inapotakiwa, unajua inaitwaje? Kansa. Kuna dawa za kansa ya damu, venetoclax kwa mfano, ambayo kazi yake ni kinyume kabisa cha unachokiomba, inafungua njia ili mkasi ufanye kazi.

Ila hata tukisema tuuzime ndani ya ubongo tu tuache kwingine, bado kuna jambo ambalo mdogo wako hajafika. Mkasi mara nyingi ni wa mwisho kuja. Mwaka 1982 huko California vijana kadhaa walijidunga heroini bandia iliyotengenezwa vichochoroni, iliyokosewa kuchanganywa, na ndani ya siku chache wakaganda kama wazee wenye Parkinson ya miaka mingi, hawatembei hawaongei. Ikaja kujulikana ndani yake kulikuwa na sumu inaitwa MPTP, ambayo ikifika ubongoni inageuzwa kuwa sumu nyingine inayoingia hasa kwenye zile seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo unaitumia kuendesha mwendo wa mwili, na kuziba jenereta. Jenereta ndo iliyoguswa kwanza. Kaspesi wamekuja kwenye msiba ambao tayari upo. Na wakati mkono wa mzee unaanza kutetemeka seli nyingi sana za dopamini kwenye lile eneo jeusi la ubongo zimeshaondoka, wanasayansi wengi wanasema nusu au zaidi.

Wamejaribu kweli, usidhani wamelala. Kulikuwa na dawa ya CEP-1347, iliyolenga amri zinazoifanya seli ijiue, wagonjwa wa Parkinson 806 wa Marekani na Kanada. Maabara ilikuwa inapendeza. Utafiti wakausimamisha kabla ya muda wake kwa sababu waliomeza dawa na waliomeza kidonge kitupu hawakutofautiana.

Levodopa haigusi haya yote. Inaleta malighafi ya dopamini tu, seli zilizobaki zinapata cha kufanyia kazi. Lakini ndo inayomfanya mzee afunge vifungo vya shati mwenyewe, kwa hiyo msiiache kwa ajili ya hadithi za kaspesi. Tena muulize daktari kuhusu saa za kuimeza na chakula, maana nyama na maharage mengi kwa pamoja na kidonge vinagombania mlango mmoja tumboni na kidonge kinachelewa.

*Anko, haya magonjwa ya kutetemeka na kusahau si ya wazungu? Huku kwetu mzee akianza hivyo tunajua kuna mtu. — Asiyetaka jina, Hai*

We wa Hai ndo unauliza hivyo? Hapohapo wilayani kwenu watafiti wa Tanzania na Uingereza walipita nyumba kwa nyumba, watu zaidi ya laki moja na sitini, matokeo yakatoka 2008. Wakawapata watu 33 wenye Parkinson na wengi wao, zaidi ya robo tatu, hakuna aliyewahi kuwaambia wana ugonjwa gani. Kwa hiyo "kuna mtu" ndio yupo, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwako na hajapimwa.

*Niaje anko, mimi ni student wa biochemia Eldoret. Lecturer alitufunza kaspesi ya 6 inakata protini ya huntingtini kwa ugonjwa wa Huntington, hiyo nimeelewa. Kile sielewi ni hivi, kama kaspesi ikiamka seli inakufa ndani ya masaa, na huu ugonjwa unachukua miaka kumi, ishirini, sasa hiyo seli inafanya nini hiyo miaka yote ikiwa na makasi imefunguliwa ndani? Ama lecturer alitubeba? — Msomaji, Eldoret*

Poa sana. Hapana hajawabeba, na swali lako ndo swali lenyewe, ningekuwa mwalimu wako ningekupa A bila kusahihisha karatasi iliyobaki.

Vitabu vingi vinachora kaspesi kama swichi ya taa, imezimwa au imewaka. Kwenye seli ya neva sio hivyo. Seli ya neva iliyokomaa haijazaliwa jana, inatakiwa idumu miaka 80 bila mbadala, kwa hiyo imejiwekea breki nyingi, moja ni kupunguza ile Apaf-1 mpaka inakuwa kidogo sana, gurudumu halitengenezeki kirahisi. Na ndani ya hizo breki mkasi unaweza kufunguliwa kidogo, sehemu moja tu, ukakata, ukafungwa tena, seli inaishi. Tena kuna kazi halali za namna hiyo. Mwaka 2010 walionyesha kwamba muungano kati ya neva na neva ukitakiwa kulegezwa, ambayo ni sehemu ya kujifunza na kusahau kwa kawaida, kaspesi ya 3 inahitajika, inaamka kidogo palepale na seli haifi. Ni kama mtu anayepogoa mkahawa, panga lilelile linaweza kuung'oa shina lakini yeye anakata tawi.

Ubaya ni tawi likikatwa likabaki limelala shambani linaoza. Hapo ndo Huntington inapoingia. Huu ni ugonjwa wa ubongo wa kurithi, mwili unachezacheza bila mtu kutaka na akili inapungua, jeni yake iko kromosomu ya 4, ilipatikana 1993 baada ya kazi ya miaka mingi iliyosaidiwa sana na familia za kando ya ziwa Maracaibo kule Venezuela, Nancy Wexler alikuwa akienda huko kila mwaka kuchukua damu na kuandika ukoo wa nani kamzaa nani, na mama yake Wexler mwenyewe alikufa kwa huohuo ugonjwa. Kwenye jeni kuna herufi CAG zinazojirudia, ukiwa nazo 40 au zaidi ugonjwa utakuja ukiishi vya kutosha, kati ya 36 na 39 unaweza kuja unaweza usije. Hizo herufi zinaifanya huntingtini iwe na mkia mrefu wenye kunata. Mkufu ukiwa mzima mkia haufanyi fujo sana. Ukikatwa, kipande chenye mkia kinaachiwa huru kinazunguka, kinaingia hata kwenye kiini cha seli, kinagandana na wenzake.

Mwaka 2006 wakafanya jaribio zuri sana, kwa mtu wa maabara ni zuri kama wimbo. Hawakuigusa kaspesi kabisa. Walibadilisha ile shanga moja kwenye huntingtini, ya namba 586, ambapo kaspesi ya 6 inakata, ili mkasi ukifika usione pa kukata. Panya wakawa na jeni mbaya, mkia mrefu wote upo, lakini ugonjwa haukuwapata kama wenzao. Kila mtu akashangilia na mi nikiwemo.

Halafu wengine wakatengeneza panya wasio na kaspesi ya 6 kabisa, wakitegemea kile kipande kitapotea. Kipande kikawepo! Maana yake kuna mkasi mwingine unaokata palepale, au karibu na pale. Kwa hiyo ukiandika mtihani andika kwamba ukataji pale 586 una maana, nani anakata bado ni ubishi. Lecturer wako akikunyima maksi mwambie aje kwangu.

Na kwa Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, mambo yanafanana. Pale kuna protini ya tau, kazi yake ya kawaida ni kushikilia reli ambazo mizigo ya seli inapita. Kaspesi ya 3 inaweza kuikata tau karibu na mwisho wake, kwenye shanga ya 421, na tau iliyokatwa hapo inagandana kirahisi kuliko nzima. Seli yenye tau iliyokatwa inaweza kuendelea kuishi, ina kaspesi iliyoamka, ina vifundo ndani, na haifi. Inazeeka vibaya tu. Kwa maoni yangu hapa ndo penye utamu wote wa hii sayansi, kaspesi sio mnyongaji anayekuja siku ya mwisho peke yake, ni mkata karatasi wa ofisini ambaye miaka yote amekuwa akichana mafaili mawili matatu kimyakimya na hakuna aliyemuuliza.

*Asalaam aleikum anko. Ndugu yangu ana miaka 47, alikuwa fundi seremala, hodari. Mwaka jana randa ilianza kumponyoka, kisha mkono ukakonda kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka pakawa shimo, sasa ulimi nao unamlemea. Wametuambia ni ALS, ugonjwa wa kufa kwa neva zinazoendesha misuli. Shemeji kasoma mtandaoni kuwa kuna antibayotiki, minosaiklini, inazuia vimeng'enya vya kuua seli na panya wa ALS waliongezeka umri. Hapa hatukuipata ila muuza duka la dawa kasema doksi, yaani doksisaiklini, ni nduguye, basi keshanunua paketi sita na ndugu yangu anameza mbili kila siku, mwezi wa pili huu. Je tuongeze? — Msomaji, Mombasa*

Waaleikum salaam. Msiongeze. Na kabla sijaeleza, leo au kesho mpelekeni kwa daktari anayemwangalia, mwambieni wazi anameza nini na tangu lini, msifiche kwa aibu.

Shemeji yako hakusoma uongo, na hilo ndo linaniuma. Mwaka 2000 panya wenye ALS waliwekewa ubongoni kizuizi cha kaspesi na wakaishi zaidi kwa karibu asilimia 22. Mwaka 2002 minosaiklini, ambayo ni dawa ya chunusi na maambukizi, ikaonyeshwa kwamba inazuia ile saitokromu c isimwagike kutoka kwenye jenereta na panya wakachelewa kuugua. Ilitoka kwenye jarida kubwa kabisa. Dawa ya bei rahisi, salama, inaingia ubongoni, tayari iko madukani. Niambie nani asingeruka? Madaktari wenyewe walishawishika, wagonjwa wakawa wanaipata kwa kuomba.

Bahati nzuri kuna waliosema ngojeni tupime. Wakachukua watu 412 Marekani, nusu minosaiklini, nusu kidonge kitupu, miezi tisa, mgonjwa hajui anameza kipi na daktari hajui. Majibu yakatoka 2007. Waliomeza minosaiklini walidhoofika haraka zaidi, kasi ya kudhoofika ilizidi kwa karibu robo. Sio kwamba haikusaidia, iliwaharakisha. Nakumbuka nilivyoisoma nilirudia ukurasa mara mbili nikidhani nimegeuza makundi.

Kwa nini, maelezo yapo mengi. Panya alianza kupewa dawa mapema, binadamu anafika hospitali randa imeshamponyoka. Panya wale walikuwa na jeni moja iliyoharibika, SOD1, wakati wagonjwa wengi wa ALS hawana hiyo. Na seli iliyozuiwa kufa kwa mlango mmoja ina milango mingine, kuna kifo kingine cha utaratibu kisichotumia kaspesi kabisa, kinaendeshwa na kimeng'enya kinaitwa RIPK1, na hicho nacho seli inapasuka na kuwasha moto kwa jirani. Tena kaspesi ya 8 ikiwa kazini ndo inayokizuia. Unaona mtego? Ukimfunga huyu unamfungulia yule. Dawa ya kuzuia RIPK1 nayo wameshaijaribu kwa wagonjwa wa ALS na mwaka 2024 ikatangazwa haikufikia lengo.

Sasa doksi. Ni kweli wanatoka ukoo mmoja na minosaiklini lakini undugu wa ukoo sio ushahidi, na kama tungehukumu kwa undugu basi yaliyowakuta wale waliomeza minosaiklini yangekuwa sababu ya kuiogopa, sio ya kuinunua. Inaunguza umio ikimezwa bila maji ya kutosha, na mtu ambaye ulimi na koo vimeanza kulemewa ndo hasa hatakiwi kuhangaika na vidonge vya namna hiyo. Achilia mbali kuwalea vijidudu sugu mwilini.

Kinachojulikana kusaidia ALS ni riluzole, ipo tangu 1995, inaongeza miezi michache, sitakudanganya ni zaidi ya hapo. Kuna tofersen iliyoruhusiwa Marekani 2023 kwa wale wachache wenye jeni ya SOD1 tu, na ona walivyofanya safari hii, hawakuugusa mkasi, wameenda juu kabisa kwenye bomba, wanazima ujumbe unaotengeneza ile protini mbovu. Bei yake na upatikanaji wake huku kwetu ni habari nyingine, sitaki kukupa matumaini ya karatasi. Lakini vipo vya hapa hapa: kumkagua anavyopumua usiku, mtaalamu wa kumeza amwangalie, uji uwe mzito badala ya maji matupu kama anapaliwa, mito miwili kitandani. Hivi vinasaidia, baadhi hata kurefusha maisha, na hakuna anayevituma visambae kwenye simu.

Jambo moja zaidi nikuambie maana umesema ndugu yako ni fundi na nimemfikiria. Yule Horvitz wa minyoo niliyemtaja juu, baba yake mzazi alikufa kwa ALS mwaka 1989, na Horvitz alikuwa kwenye kundi lililogundua 1993 kwamba jeni ya SOD1 inahusika. Mtu aliyefungua mlango wa kifo cha seli akapata Nobel hakuwa na cha kumpa baba yake. Shemeji asijilaumu.

*Anko kuna unga wa majani unauzwa kwenye makundi ya simu, wameandika "huzuia kaspesi na kurudisha seli za ubongo", kopo shilingi elfu themanini. Mama ana Alzheimer. Ninunue? — Msomaji, Dodoma*

Hapana. Ungezuia kaspesi mwili mzima kweli kama wanavyosema ungekuwa hatari na wangeuficha. Kuna kampuni zilishatengeneza vizuizi vya kaspesi kitaalamu kabisa kwa magonjwa ya viungo na ini, mmojawapo, pralnacasan, walisimamisha majaribio 2003 kwa sababu ini za wanyama zilianza kuharibika kwa dozi kubwa za muda mrefu. Na seli ya neva iliyokufa hairudishwi na unga. Elfu themanini mnunulie mama miwani kama yake ni ya zamani, au mlipe binti wa jirani akae naye mchana wewe ulale masaa mawili. Kama anasikia kwa shida mpimeni masikio, nasema hivi nikimaanisha, wengi wanaonekana wamesahau kumbe hawajasikia.

*Anko kahawa inakinga Parkinson? — Msomaji, Bukoba*

Uliza vizuri, maana Bukoba mnataka niseme ndiyo. Wanaokunywa kahawa wameonekana kuipata kidogo kuliko wasiokunywa, tafiti nyingi zinakubaliana. Walipowapa kafeini watu ambao tayari wana Parkinson haikuwasaidia. Kunywa kwa raha zako.

Na we wa Moshi, nilitaka kufunga nikakumbuka sijakujibu la saini. Mzee asipambane kuifufua ile ya zamani, nendeni naye tawini na kitambulisho na cheti cha daktari, aombe kubadilisha mfano wa saini au waweke dole gumba. Nyumbani mpeni daftari lenye mistari, lile la watoto wa darasa la kwanza lenye mistari mipana, aandike kila asubuhi levodopa ikishashika. Mstari unamsaidia, macho yanaushika na mkono unafuata, herufi zinarudi kuwa kubwa kwa muda. Kama alikuwa mwalimu atacheka akiliona hilo daftari, mwacheni acheke.